UZI: Mtoto wa maskini akichagua uhandisi, nani analipa?

1/ Makomredi, kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme atasomesha watoto wa maskini. Mwingine anajibu kwamba nchi inataka wahandisi, si makaratasi. Wote wanapigiwa makofi. Mimi nasoma sayansi ya siasa na leo sitetei upande wowote. Turudi nyuma tu kidogo.

2/ Mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya kukopesha Wakenya waliokwenda vyuo vikuu nje ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru, aliyesoma hapa nyumbani alilipiwa na serikali. Katikati ya miaka ya 1970 ukaja mkopo wa malazi, chakula na vitabu. Hiyo ndiyo "boom" ambayo wazee wetu wanaisimulia hadi leo. Karo bado ililipwa na serikali, ila mikopo wengi hawakuirudisha.

3/ 1991 mambo yakageuka. Serikali, ikibanwa na wakopeshaji wa nje, ilileta sera ya kugawana gharama. Mwanafunzi akaanza kuchangia karo na kujinunulia chakula. 1995 ikaundwa HELB.

4/ Sasa sikizeni hapa. HELB ilipima umaskini wa nyumbani. Haikupima kozi. Kabla ya 2023, karo ya aliyepelekwa chuo na serikali ilikuwa 16,000 kwa mwaka, na mkopo haukupita 60,000, uwe unasoma historia au uhandisi. Usawa, sivyo?

5/ Mimi na mwenzangu wa chumbani tuliingia 2022, kundi la mwisho la mfumo huo. Mimi sayansi ya siasa, miaka 4. Yeye uhandisi, miaka 5. Mkopo wetu ulilingana. Mimi nilihitaji maktaba na simu. Yeye alihitaji koti la maabara, vifaa vya kuchora na kompyuta yenye nguvu. Hakuwa nayo, kwa hivyo aliazima ya jirani saa sita usiku, mwenyewe akilala, akairudisha alfajiri. Somo moja akaanguka, akalirudia. Na huyo ndiye aliyenifunza takwimu mimi!

6/ Likizo ndefu mimi nilirudi nyumbani kumsaidia mama kuuza mitumba, nikapata nauli ya kurudi. Yeye alikuwa kwenye mafunzo ya kazini bila mshahara, akilipa nyumba na matatu kila siku.

7/ 2023 mfumo ukabadilika. Pesa zikaanza kufuata hali ya familia NA gharama ya kozi. Vizuri, lakini piga hesabu. Kufikia 2024 kulikuwa na bendi 5, na familia ya bendi ya 3 ilitakiwa kulipa asilimia 20. Kozi ikigharimu 200,000 kwa mwaka, hiyo ni 40,000. Ikigharimu 400,000, ni 80,000. Familia ni ileile, ng'ombe ni walewale, lakini mtoto akichagua maabara bili inaongezeka maradufu.

8/ Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mjadala haujaisha.

9/ Kumbe tumejaribu njia mbili. Ya kwanza ilisahau kwamba kozi hazilingani. Ya pili ilikumbuka, kisha ikampelekea mzazi sehemu ya bili. Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi "ufadhili", muulizeni: ni wa karo tu, au pia vifaa? Wakati wa mafunzo ya kazini mwanafunzi atakula nini? Na mwaka wa 5 umo?

10/ Mimi nikihitimu, mwenzangu atabaki mwaka mmoja zaidi. Kompyuta alipata hatimaye, kuukuu, baada ya nyumbani kuuza mbuzi wawili. Kama nimekosea tarehe, nirekebisheni kwa adabu. Na nyinyi wa sayansi, semeni hapa chini: ni gharama gani hamkuambiwa?