Barua ya Mbunge na Haki ya Raia: Matangazo ya Misaada ya Umma Pennsylvania

Barua ambayo mbunge wa jimbo la Pennsylvania huwatumia wananchi wake haina mbwembwe. Huanza na siku ya kuchana nyaraka bure, ili namba za akaunti za benki zisiokotwe jalalani na matapeli. Hufuata maonyesho ya huduma za wazee, ambako mtu hupata chanjo ya mafua na kupimwa shinikizo la damu, kisha siku ya kukusanya dawa zilizobaki majumbani. Chini kabisa, baada ya picha za mbunge akipeana mikono na wanafunzi, huwapo aya mbili fupi zilizo nzito kuliko yote yaliyotangulia: tarehe ya mwisho ya kuomba marejesho ya kodi ya majengo na pango, na siku ya kufunguliwa maombi ya msaada wa kupasha nyumba joto.

Wataalamu wa siasa wamezoea kuzitazama barua za namna hii kwa jicho la shaka. David Mayhew, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Bunge la Marekani, alieleza kwamba mbunge anayetaka kurudi bungeni hufanya mambo matatu: hujitangaza, hudai sifa ya mema yaliyotendeka, na hutamka misimamo. Miaka mitatu baadaye Morris Fiorina alikwenda mbali zaidi, akidai kwamba wabunge huunda urasimu, kisha huvuna shukrani kwa kuwavusha wananchi katika urasimu huohuo. Hoja zote mbili zina ukweli. Lakini zinamtazama anayeandika barua na kumsahau anayeipokea. Makala haya yanadai kwamba barua hiyo ni sehemu halisi ya mfumo wa hifadhi ya jamii, na kwamba kosa lake kubwa si kumpamba mbunge. Kosa lake ni kubeba mzigo ambao ulipaswa kubebwa na serikali yenyewe.

Marejesho ya kodi ya majengo na pango yanaonyesha jambo hilo vizuri. Mpango huo ulianza mwaka 1971 na hugharimiwa kwa sehemu kubwa na mapato ya Bahati Nasibu ya Pennsylvania. Wanaostahili ni watu wenye umri wa miaka 65 au zaidi, wajane na wagane kuanzia miaka 50, na watu wazima wenye ulemavu. Kwa miaka mingi mwenye nyumba hakutakiwa kuvuka kipato cha dola 35,000 kwa mwaka, na mpangaji dola 15,000 tu. Kiwango cha juu cha marejesho ya kawaida kilikuwa dola 650. Sheria iliyosainiwa na Gavana Josh Shapiro mwaka 2023 iliwaweka wote kwenye ukomo mmoja wa dola 45,000, ikapandisha marejesho hadi dola 1,000, na ikaagiza ukomo huo upande kadiri gharama za maisha zinavyopanda. Nusu ya mafao ya hifadhi ya jamii haihesabiwi.

Mzee aliyepanga chumba na ambaye kipato chake kinachohesabiwa kilikuwa dola 20,000 hakuwa na haki yoyote chini ya masharti ya zamani. Masharti mapya yalimpa haki, lakini hayakumpelekea hundi. Ni lazima ajue kwamba sheria imebadilika, ajaze fomu, athibitishe kodi ya pango aliyolipa, na aiwasilishe ifikapo tarehe 30 Juni, ingawa mara nyingi muda huongezwa hadi mwisho wa Desemba. Asipojua, sheria imepita juu ya kichwa chake.

Pamela Herd na Donald Moynihan, katika utafiti wao waliouchapisha mwaka 2018, waliugawa mzigo huu katika sehemu tatu: gharama ya kujua, gharama ya kutimiza masharti, na gharama ya moyo, yaani aibu na wasiwasi wa kuomba. Uzito wake unapimika. Mamlaka ya kodi ya Marekani hukadiria kwamba takribani mtu mmoja kati ya watano wanaostahili unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini hauombi.

Barua ya mbunge hupunguza gharama zote tatu. Inamjulisha mtu. Inampa anwani ya ofisi ya mbunge iliyo karibu naye, ambako watumishi humsaidia kujaza fomu bila malipo. Na inamwondolea aibu, kwa sababu msaada umetajwa pamoja na chanjo na kuchana karatasi, kama shughuli ya kawaida ya jirani yeyote. Fadhila hii ya tatu haijatiliwa maanani vya kutosha. Mwanamke aliyefanya kazi miaka 40, ambaye asingekanyaga ofisi ya ustawi wa jamii, huenda kwenye maonyesho ya wazee bila kuinamisha kichwa.

Udhaifu uko hapohapo. Bunge la Pennsylvania lina wawakilishi 203 na maseneta 50, na bidii haigawanywi sawa miongoni mwao. Anayeishi katika eneo la mbunge mwenye watumishi hodari hupata kinachomstahili. Mwenzake wa ng'ambo ya mpaka wa eneo la uchaguzi, mwenye umri uleule na kipato kilekile, hukikosa.

Mwaka 2025 ulidhihirisha udhaifu mwingine. Bajeti ya jimbo, iliyopaswa kukamilika mwisho wa Juni, ilisainiwa tarehe 12 Novemba. Serikali ya shirikisho nayo ilifunga shughuli zake kwa siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba, na msaada wa chakula wa Novemba, unaotegemewa na watu wapatao milioni 42 nchini kote, haukulipwa kwa wakati. Msimu wa msaada wa nishati ya kupasha nyumba joto ukachelewa huku baridi ikiingia. Kwa familia iliyokuwa ikitafuta mlo, orodha ya vituo vya chakula kutoka ofisi ya mbunge ilikuwa habari ya kuokoa. Hata hivyo, ilitoka kwa mjumbe wa bunge lilelile lililoshindwa kupitisha bajeti kwa miezi minne.

Wazungumzaji wa Kiswahili wamo katika habari hii. Lancaster na Erie ni miongoni mwa miji ya Pennsylvania iliyopokea wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakiwa wamekulia katika Kiswahili. Sheria ya shirikisho ya Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi katika orodha ya wanaostahili msaada wa chakula hadi wapate ukaazi wa kudumu. Miezi michache kabla, amri ya rais iliifuta ile ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za shirikisho kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri. Mama wa Kikongo anahitaji kujua alichopoteza, na zaidi ya hapo, alichobakiwa nacho. Barua ya Kiingereza kitupu haimfikishii hata kimoja.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka takrima, ukarimu wa wagombea uliohalalishwa na sheria ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipoubatilisha mwaka 2006. Barua ya Pennsylvania si takrima: fedha ni za umma, na mwenye kustahili hulipwa hata kama hakumpigia kura mbunge wake. Lakini haki inapopitia mkono wa mwanasiasa, huanza kunuka hisani. Mzee humshukuru mbunge kwa fedha ambazo sheria ilishampa.

Pennsylvania yenyewe imeshaonyesha njia ya kutoka hapo. Hazina ya jimbo inashikilia zaidi ya dola bilioni 4 za mali zisizodaiwa: akaunti zilizosahauliwa, amana, hundi ambazo hazikuchukuliwa. Miaka nenda rudi wabunge walitumia barua na maonyesho yao kuwahimiza watu watafute majina yao katika orodha. Mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria inayoiruhusu Hazina kuwarudishia watu kiasi kisichozidi dola 500 bila wao kuomba: barua ya kuwajulisha kwanza, kisha hundi. Shule nazo, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 2004, huwaandikisha kwenye chakula cha bure watoto wa familia zinazopokea msaada wa chakula, bila mzazi kujaza fomu nyingine.

Utaratibu huo unaweza kupanuliwa. Aliyelipwa marejesho ya pango mwaka jana, ambaye bado anaishi palepale kwa mafao yaleyale, hana sababu ya kuthibitisha upya umaskini wake kila mwaka. Maombi ya msaada wa chakula na ya nishati hupokelewa na idara moja ya jimbo. Taarifa za ombi la kwanza zinatosha kufungua la pili. Wabunge 253 wanaotangaza tarehe hizi kila msimu ndio wenye mamlaka ya kuzifanya zisihitajike. Waendelee kuandika barua, na waziandike kwa lugha ambazo wananchi wao wanazielewa. Lakini kazi wanayodaiwa Harrisburg, mji mkuu wa jimbo, ni kutunga sheria itakayompelekea mzee fedha zake hata kama barua haikumfikia.