Kilo-Moto: Dhahabu Iliyouzwa Toronto na London

Katikati ya mwaka 2009 kampuni mbili ziligombea mgodi ulioko kaskazini ya Bunia, upande wa Watsa, bila hata risasi moja kulia. Mali hiyo ilikuwa mikononi mwa Moto Goldmines, kampuni ndogo yenye asili ya Australia ambayo hisa zake ziliuzwa Toronto na London. Red Back Mining ya Kanada ilikuwa imekwisha kukubaliana na wakubwa wa Moto kuinunua. Ndipo Randgold Resources ikajitokeza, ikishirikiana na AngloGold Ashanti ya Afrika Kusini, na kuweka dau kubwa zaidi, karibu dola milioni 488. Red Back haikulifikia. Kufikia Oktoba shauri lilikuwa limekwisha, na wakazi wa Doko na Durba, karibu na mgodi huo, walikuwa na mwenye mgodi mpya.

Biashara ya namna hii ina werevu wake. Mnunuzi haji Watsa kununua shimo. Huwaendea wenye hisa, mmoja mmoja au wote kwa pamoja, akawapa bei ambayo ni vigumu kuikataa. Kibali cha kuchimba hakibadiliki jina, kwa kuwa kinabaki kwa kampuni ile ile. Anayebadilika ni aliyeimeza kampuni. Kwa hiyo ofisi za madini, Bunia au Kinshasa, huweza kuamka asubuhi na kukuta mshirika wao ana bwana mwingine.

Mchezo wa kumezana makampuni ulipamba moto Marekani katika miaka ya 1980. Michael Milken wa benki ya Drexel Burnham Lambert aligundua kwamba wawekezaji wangenunua hata hatifungani za kampuni zisizoaminika, zile ambazo soko liliziita takataka, mradi riba iwe nono. Mtu mwenye mtaji mdogo sasa aliweza kukopa mabilioni, akainunua kampuni kubwa kuliko yake, kisha mzigo wa deni akaitwisha kampuni hiyo hiyo aliyoinunua. Mwaka 1989 RJR Nabisco, watengenezaji wa sigara na biskuti, walinunuliwa hivyo kwa dola bilioni 25 hivi. Kilele kilikuwa hapo. Februari 1990 Drexel ilifilisika, na miezi miwili baadaye Milken alikiri makosa mahakamani, kisha akafungwa. Hatifungani zenyewe hazikufa. Zilitafuta biashara nyingine, na uchimbaji wa dhahabu ukawa mojawapo.

Nayo Kilo-Moto, eneo la dhahabu ambalo mgodi wa Moto ni sehemu yake, ilikuwa imezoea mabwana. Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, enzi za Mfalme Leopold II, na kwa miongo mingi ilichimbwa kwa jasho la watu waliolazimishwa kazi. Mwaka 1926 Wabelgiji waliunda kampuni rasmi. Mwaka 1966, baada ya uhuru, serikali ikaunda OKIMO, ambayo leo ni SOKIMO na ina makao yake hapa Bunia. Kufikia miaka ya 1990 OKIMO ilikuwa hoi: mitambo imechakaa, mishahara hailipwi, ila imekalia eneo kubwa kupita nchi kadhaa za Ulaya. Barrick ya Kanada ilipokuja mwaka 1996, ilipewa haki ya kutafuta dhahabu kwenye kilomita za mraba zipatazo 82,000. Vita vikaja, Barrick ikaondoka.

Kilo, yaani Mongbwalu na vijiji vyake, iliangukia mikononi mwa Ashanti Goldfields, na Ashanti nayo iliunganishwa na AngloGold mwaka 2004. Mwaka uliofuata Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu uhusiano wa kampuni hiyo na wapiganaji wa FNI waliokuwa wakiitawala Mongbwalu, na kampuni yenyewe ikakiri kwamba iliwapa dola 8,000. Kashfa hiyo ilipigiwa kelele dunia nzima, na ilistahili. Lakini pigo lililokuja kuuzima mradi wa Mongbwalu halikutoka kwa wapiganaji.

Lilitoka sokoni. Bei ya dhahabu, iliyokuwa imefika takriban dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011, iliporomoka Aprili 2013 kwa zaidi ya dola 200 ndani ya siku mbili za soko, na Juni ikawa chini ya 1,200. AngloGold ilikuwa ikijenga Kibali, yaani ule mgodi ulionunuliwa kutoka Moto, na Tropicana kule Australia, huku muda wa kulipa deni la dola milioni 732.5 ukikaribia. Julai ilitoa hatifungani ya dola bilioni 1.25 kwa riba ya asilimia 8.5. Wakadiriaji wa Standard & Poor's waliishusha hadi BB+, yaani ndani ya kundi lile lile la Milken. Kampuni inayobanwa hivyo hukata pale inapoumia kidogo. Kibali iliachwa iendelee, ikatoa dhahabu yake ya kwanza Septemba 2013. Mongbwalu ilisimamishwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na baadaye AngloGold ikauza sehemu yake. Hapa Ituri tumezoea kusema kwamba vita ndivyo hufunga migodi. Mwaka huo mgodi ulifungwa na daftari la madeni.

Barrick ilipitia njia hiyo hiyo, kwa fedha nyingi zaidi. Mwaka 2011 iliinunua Equinox, yenye mgodi wa shaba wa Lumwana nchini Zambia, kwa zaidi ya dola bilioni 7 ambazo nyingi zilikuwa za mkopo. Mwaka uliofuata tu ilifuta mabilioni ya thamani ya mali hiyo vitabuni, na mwishoni mwa 2014 deni lake lilipita dola bilioni 13. Randgold, iliyojivunia kutokuwa na madeni, iliungana nayo kwa kubadilishana hisa tarehe 1 Januari 2019. Hivyo Barrick ikarudi Kilo-Moto miaka ishirini baada ya kuondoka, bila kupeleka mtu kuomba kibali. Kibali leo ni asilimia 45 Barrick, 45 AngloGold, na 10 SOKIMO.

Hiyo 10 ilikuwa 30. Mwishoni mwa 2009, vumbi la mnada wa Moto halijatulia bado, OKIMO iliwauzia Randgold na AngloGold asilimia 20 kwa dola milioni 113.6. Riba ya mwaka mmoja ya ile hatifungani ya 2013 ilikuwa dola milioni 106. Mwaka 2019 Kibali ilitoa wakia 814,027, na asilimia 20 ya dhahabu hiyo, kwa bei ya mwaka huo, ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 220 kabla ya gharama. Ni haki kusema wanunuzi waliongeza zaidi ya dola bilioni 2 kuujenga mgodi, fedha ambazo OKIMO isingezipata popote. Hata hivyo aliyeuza ndiye aliyekuwa na haraka, na bei ilimfuata yeye. Madeni ya mishahara ya wafanyakazi wa SOKIMO hapa Bunia hayakumalizwa na mauzo yale.