Kifua Kikuu cha Ng'ombe Pembezoni mwa Dar es Salaam

Kifua kikuu cha ng'ombe husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, ambaye humfikia binadamu hasa kwa maziwa mabichi, na kwa kuwa ng'ombe aliyeambukizwa aweza kuonekana mzima kwa miaka, ufuatiliaji wake hutegemea kipimo kuliko macho. Kipimo hicho hutumia tuberkulini, dutu ambayo Robert Koch aliitangaza mwaka 1890 kuwa dawa, ikashindwa kutibu, lakini ikafaa sana kutambua ugonjwa: hudungwa ndani ya ngozi ya shingo, na baada ya saa 72 mtaalamu hurudi kupima unene wa uvimbe.

Haja ya kipimo hicho iliongezeka Dar es Salaam miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani na watumishi wengi wakaanza kufuga ng'ombe wa maziwa. Kigamboni, wilaya ya pembezoni mwa jiji hilo iliyomegwa kutoka Temeke, haiko mbali na maabara kuu ya mifugo iliyopo Temeke, ambayo tangu 2012 ipo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Lakini ukaribu huo haumfidii mfugaji mdogo anayepaswa kumchinja ng'ombe wake wa pekee akipatikana na maambukizi, na hapo ndipo ufuatiliaji hukwama. Kwa hiyo maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.