Kutoka Pishi hadi Karatasi ya Kununua: Viwango katika Pwani ya Tanga

Mkonge wa Tanga ulianzia katika ukurasa wa jarida. Mwaka 1892 jarida la bustani ya mimea ya Kew, London, lilichapa maelezo kuhusu mkonge wa Yucatan na biashara yake. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliyasoma na kuona kuwa zao hilo lingefaa huku. Kwa kuwa Mexico ililinda mbegu zake, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Miche 200 ilifika Hamburg ikiwa hai; iliyoshushwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yote makubwa yaliyofuata, kutoka Muheza hadi Korogwe, yana deni kwa maarifa ambayo mtu wa mbali aliruhusiwa kuyasoma.

Pwani ilikuwa na viwango vyake kabla ya hapo. Nafaka ilipimwa kwa pishi na kibaba, vibaba vinne kwa pishi moja. Pembe za ndovu na bidhaa nyingine nzito zilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16. Tusivipambe kupita kiasi: pishi ya mji mmoja haikulingana na ya mji wa pili, na mjanja alijua kuchota akapunja. Hata hivyo, chombo chenyewe kilikaa sokoni mbele ya muuzaji na mnunuzi. Aliyeshuku alidai apimiwe upya.

Wajerumani walileta maarifa ya kuandikwa. Mwaka 1902 walifungua taasisi ya utafiti Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, na kuanzia 1905 jarida la Der Pflanzer likawa likiwaeleza walowezi namna ya kulima mkonge, kahawa na mpira. Lilikuwa la Kijerumani, na msomaji aliyekusudiwa alijulikana. Enzi ya Waingereza kituo cha Mlingano kilichukua kazi ya utafiti wa mkonge, na mwaka 1962 G. W. Lock akachapisha kitabu kizima juu ya miaka 25 ya utafiti huo. Lugha ilibadilika, mkata mkonge aliendelea kuwa nje ya mazungumzo.

Na bado mtu huyo ndiye aliyeishi na kiwango kila siku. Singa zikitoka kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, huoshwa, huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha hupangwa kwa madaraja kabla ya kufungwa robota. Daraja la kwanza lilitaka singa za urefu wa kuanzia futi 3, zenye rangi ya krimu, zisizo na mafundo wala mabaki ya nyama ya jani. Zilizopungukiwa zilishuka hadi 3L, na zisizofaa daraja lolote zikaandikwa UG. Mpangaji mzoefu hakuhitaji rula, kwani vidole vilimtosha. Lakini maandishi yaliyoamua bei, yale ambayo wanunuzi wa London waliyashika walipolalamikia mzigo, yalikaa ofisini kwa meneja. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mpangilio huo.

Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967. Sheria ya kuanzisha Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ilipitishwa 1975, na hapo kiwango kikawa waraka wa umma ulioandaliwa na kamati za wataalamu. Ajabu yake ni hii: rasimu hutolewa bure ili wananchi watoe maoni, na ikishapitishwa huuzwa. TBS haikuubuni utaratibu huo. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lililoanzishwa 1947, huuza viwango vyake, na mashirika ya nchi nyingi hufanya vivyo hivyo kwa hoja kwamba kuviandaa kunagharimu. Hoja hiyo ina uzito. Inapwaya pale kiwango kinapokuwa cha lazima, kwani raia huuziwa maneno ambayo anaweza kuadhibiwa kwa kuyakiuka. Isitoshe, kwa sehemu kubwa yameandikwa kwa Kiingereza.

Uzito wa jambo hili ulionekana mipakani Machi 2021. Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kuwa aflatoksini, aina mojawapo ya sumukuvu, haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ukomo huo umo katika kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, ambacho pia hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Hicho ni kipimo ambacho mkulima angeweza kukifanyia kazi mwenyewe kwa kukausha vizuri zaidi, iwapo angekijua kabla ya kupakia gari.

Kiwango hicho kilikuwa tayari kwenye intaneti, bila malipo. Mmarekani Carl Malamud, kupitia shirika lake la Public.Resource.Org, aliweka mtandaoni viwango vingi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika hilohilo lilikwenda mahakamani Ulaya, na tarehe 5 Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba viwango vilivyooanishwa vya umoja huo ni sehemu ya sheria yake, hivyo kuna maslahi makubwa ya umma katika kuvitoa. Uamuzi huo hauibani Dodoma wala Arusha.

Lakini unagusa Tanga kwa mlango wa nyuma. Saruji ya Pongwe, kama saruji nyingine nchini, huandikwa kwenye mfuko tarakimu kama 32.5 au 42.5, mfumo wa kiwango cha Ulaya EN 197-1 ambacho Tanzania ilikichukua. Tarakimu hiyo ni nguvu ambayo sampuli ya saruji inapaswa kuwa nayo ikifikisha siku 28, kwa megapaskali. Fundi anayejenga Chumbageni huisoma kila asubuhi akichanganya zege, na wengi huichukulia kuwa ni bei tu: 42.5 ghali, 32.5 nafuu. Waraka unaoeleza namna sampuli inavyopondwa kupata tarakimu hiyo upo, nao unauzwa.