Nani Aliweka Hiyo Tageti?

Ukiingia darasa la kidato cha nne katika shule nyingi za Kenya, kuna karatasi ya manila ukutani ama nyuma ya mlango. Imeandikwa masomo, wastani wa mtihani uliopita, na kando yake namba nyingine iliyo juu kidogo, inayoitwa tageti. Wastani wa Hesabu ulikuwa 4.8, tageti ni 6.5. Uliza kwa nini iwe 6.5 na isiwe 5.2, na mara nyingi utaambiwa tu kwamba mwalimu mkuu alisema, ama shule jirani walipata hiyo mwaka jana.

Hii kazi ya kumwekea mtoto kiwango, kisha kuja kukagua kama amekifikia, ina historia ndefu, na mwanzo wake ulihusu pesa. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilitoa kanuni mpya za kufadhili shule za watoto wa maskini. Robert Lowe, mwanasiasa aliyesimamia elimu wakati huo, alitaka kujua pesa za umma zinanunua nini. Kusoma, kuandika na hesabu vikagawanywa katika ngazi sita, na kila ngazi ikaitwa Standard. Ngazi ya kwanza mtoto asome hadithi ya maneno ya silabi moja. Ya sita asome aya fupi kutoka gazetini. Mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka, anampima mtoto mmoja mmoja. Akipita masomo yote matatu, shule inapata shilingi 8. Akianguka moja, shilingi 2 na peni 8 zinakatwa.

Unaweza kukisia kilichofuata. Walimu waliwakaririsha watoto kitabu ambacho mkaguzi angekifungua, mpaka wengine wakawa wanakisoma bila kukitazama. Mtoto mwerevu hakuwa na faida ya ziada kwa shule, kwa sababu angepita tu. Mtoto aliyeachwa nyuma sana pia hakuwa na faida, kwani hata ukimpandisha kutoka sufuri hadi nusu, mkaguzi anaandika ameanguka. Waliofanyiwa kazi ni wale wa karibu na mstari. Mshairi Matthew Arnold, ambaye kazi yake iliyomlipa ilikuwa ukaguzi wa shule, aliupinga mpango huu katika ripoti zake. Ulidumu zaidi ya miaka 30 hata hivyo.

Mpango ukafa lakini jina likabaki, likaja huku na shule za kikoloni. Ndiyo maana kizazi cha babu zetu kinakwambia "niliishia standadi foo." Wanatumia lugha ya mhasibu wa London wa 1862, na sidhani kuna aliyewaambia.

Pwani, kabla ya hizo standadi kufika, watoto walikuwa wakisoma chuoni, yaani madrasa. Mtoto alianza na herufi kwenye ubao wake wa mti, akaingia juzuu, na kila siku alisomea mbele ya mwalimu pale alipofika yeye. Akiweza, anasonga. Akikwama, anarudia hapo hapo. Watoto 10 kwenye mkeka mmoja wangeweza kuwa pahali 10 tofauti, na mwalimu anajua kila mmoja yuko wapi. Mwisho wa safari ni kuikhitimu Kurani, na neno hilo la kuhitimu ndilo tunalotumia leo kwa watu wa kofia na majoho. Sitaki kuipamba. Fimbo ilikuwepo, na wengi walihifadhi Kiarabu wasichokielewa. Lakini swali la mwalimu wa chuo lilikuwa "jana uliishia wapi?" Hilo ni swali tofauti kabisa na la mkaguzi.

Kenya huru ilirithi swali la mkaguzi, na ilikuwa na sababu. Shule za sekondari zilikuwa chache kuliko watoto wanaozitaka, kwa hiyo mtihani wa mwisho wa msingi, CPE, ulikuwa chujio. Chujio halina haja ya kujua umetoka mbali kiasi gani. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaleta KCPE, kwanza kwa maksi 700, halafu 500 kuanzia 2001. Hapo ndipo 400 ikawa namba takatifu. Shule zikaorodheshwa, magazeti yakajaa picha za watoto wamebebwa mabegani, na mtoto aliyetoka 120 akafika 230 alirudi nyumbani kimya. Wizara ilipopiga marufuku orodha hizo mwaka 2014, wazazi na shule waliendelea kupiga hesabu wenyewe.

Kusema kweli, walimu wa sekondari waliliona hili kitambo. Wakabuni kipimo chao wanachokiita VAP, kinacholinganisha mwanafunzi na alivyoingia. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua maksi za KCPE, zigeuze ziwe juu ya 12 kama pointi za KCSE, kisha toa. Chukua mwanafunzi aliyeingia na 150: hiyo ni 3.6, karibu D+. Akimaliza na C, yaani pointi 6, amekua kwa 2.4. Mwenzake aliingia shule ya kitaifa na 420, ambayo ni 10.08, akamaliza na B ya pointi 9. Ameshuka kwa zaidi ya pointi moja.

Sasa angalia nani anaenda wapi. Kuingia digrii chuo kikuu kunahitaji C+ kwenda juu. Aliyeshuka anaenda. Aliyekua kwa 2.4 amekosa kwa pointi moja. Mwalimu wake amefanya kazi ambayo pengine mwenzake wa shule ya kitaifa hajawahi kuifanya, na yote itakayoonekana nje ni kwamba shule yake haikupeleka mtu chuo kikuu. VAP husomwa siku ya wazazi, watu hupiga makofi, na mambo huishia hapo.

Kuna mara moja serikali ilijaribu kumsikiliza mtoto mdogo akisoma. Mradi wa Tusome ulipoanza nchi nzima mwaka 2015, maafisa wa elimu walipewa tableti, wakaenda madarasani na kuwasikiliza watoto wachache wakisoma kwa sauti huku saa ikihesabu. Msomaji mzuri alitarajiwa kufikisha maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 kwa Kiswahili. Usidhani Kiswahili kilidharauliwa. "Sitawasomea" ni neno moja, na Kiingereza kingelimeza maneno sita kusema hivyo. Mimi naupenda huu mfano kwa sababu aliyeweka tageti hiyo alifikiria kwanza kitu kinachopimwa. Tena mwalimu aliweza kurudia kipimo hicho mwenyewe wiki ijayo, bila kungoja mtu kutoka ofisi ya kaunti.

Mwaka 2016 TSC ikaleta TPAD, na sasa mwalimu mwenyewe anajiwekea malengo na kutathminiwa kila muhula. Kwa karatasi ni wazo zuri. Lakini KNUT walilalamika kwamba mwalimu anatumia saa nyingi kujaza fomu na kupakia ushahidi mtandaoni, saa ambazo zingekuwa za watoto. Na kuna jambo jingine ambalo mwalimu yeyote atakwambia mkinywa chai: ukijua lengo ulilojiwekea litaamua unavyotazamwa na mwajiri wako, unaweka lengo utakalolifikia. Walimu wa 1862 wangekuelewa mara moja.

CBC imejaribu kubadilisha lugha yenyewe. Tangu 2019 ripoti haisemi namba ngapi darasani, inasema mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, ama yuko chini yake. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Lakini matarajio hayo ni ya gredi nzima, kwa hiyo mtoto anaweza kukua mwaka mzima na bado akaandikiwa "anakaribia", neno lilelile la mwaka jana. Ili ukuaji huo uonekane, mwalimu anapaswa kuandika mahali alipomkuta mtoto. Wengine wanaandika kwenye daftari lao, kwa kalamu, na hakuna fomu inayoliomba daftari hilo. Akiwa na watoto 60 mbele yake, hata hilo daftari linafika mpaka Februari tu.

Na ripoti ikifika nyumbani, mzazi anaisoma mbele, anaigeuza nyuma, anamuuliza mtoto: "Sasa hii ni namba ngapi?"