Msiba Usioanuliwa: Habari za Kilio Kisichokwisha Katika Nchi ya Rulenge

Lugha ya Kiswahili huueleza msiba kwa maneno ya kazi. Matanga huwekwa, watu hukaa matanga, na siku zake zikitimia matanga huondolewa au, kama wasemavyo wengi, huanuliwa. Kuanua ni kutengua kuanika. Mwanamke aliyeanika mpunga juani huuanua wingu likitanda. Asipouanua yeye wala jirani yake, mpunga hubaki pale pale ukilowa. Basi neno hili halisemi kwamba huzuni hukoma yenyewe. Lasema kwamba iko kazi ya kuikomesha, na yuko mtu apasaye kuifanya.

Watu wa Bugufi na Bushubi, katika nchi ya Rulenge, wana fikira iyo hiyo ijapokuwa maneno yao ni mengine. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na Bugufi yenyewe ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya Wazungu kuitenga. Warundi, siku chache baada ya maziko, hufanya tendo waliitalo guca ku mazi. Kisha, mara nyingi mwaka ukitimia, hufanya kuganduka, ndiko kutoka msibani kabisa. Wanyarwanda wa ng'ambo ya mto hulisema jambo hilo kwa rangi. Aliyefiwa yumo katika kwirabura, maana yake kuwa mweusi, mpaka siku ya kwera, kuwa mweupe. Katika muda huo wa kati shamba huachwa kwa siku zilizowekwa, na mume na mke hujitenga. Ifikapo siku ya kutoka, jamaa hukutana, hunywa pamoja, na mambo ya madeni na urithi wa marehemu husikizwa mbele ya mashahidi. Tangu hapo mjane aweza kucheka barabarani pasipo kusemwa.

Twaona, basi, kwamba mambo matatu yalihitajika: mwili uliozikwa, jamaa waliokusanyika, na ruhusa ya kulia hadharani. Historia ya nchi hii katika nusu ya pili ya karne iliyopita ni historia ya kunyimwa mambo hayo, moja baada ya jingine.

La kwanza kunyimwa lilikuwa ruhusa. Mwaka 1972 serikali ya Burundi iliwakamata na kuwaua Wahutu wengi mno, hasa wenye elimu: walimu, wanafunzi, makarani, askari, na watumishi wa dini. Warundi wauita mwaka ule Ikiza, yaani balaa. Watu walichukuliwa kwa malori wasirudi, na jamaa zao walikatazwa kuomboleza. Hapakuwa na kilio wala guca ku mazi, kwa maana kumlilia mtu kulikuwa kukiri kwamba ni ndugu yako, na udugu huo ulikuwa hatia. Maelfu walikimbilia Tanganyika ya zamani, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wamebeba misiba ambayo haijawekwa matanga, sembuse kuyaanua.

Kisha ulikuja mwaka 1994. Mto Ruvubu, utokao Burundi na kupita Ngara, huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, penye daraja la mpakani. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda yalipoanza mwezi wa Aprili, miili mingi ilitupwa mitoni, na Kagera ikaishusha kupita Rusumo na Kyaka hata ziwani. Wavuvi wa Uganda ndio walioiopoa. Leo yako makaburi ya pamoja katika mahali patatu kando ya Ziwa Viktoria: Kasensero, Lambu na Ggolo. Wamelala humo watu zaidi ya 10,000, na walio wengi hawana jina. Yafaa wasomaji waangalie jinsi jambo hili lilivyo la ajabu katika historia ya msiba. Kaburi liko Uganda na wazikaji wake hawana wa kumlilia kwa jina. Mlizi yuko Rwanda na hana kaburi. Kila upande wamefanya nusu ya kazi.

Mwishoni mwa mwezi ule ule walivuka Rusumo walio hai. Hesabu iliyotangazwa siku zile ilikuwa watu kama 250,000 kwa muda wa siku moja au mbili. Waliwekwa Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya wajenzi wa barabara, kisha Lumasi na kambi nyingine. Wengi wao walikuwa watu wasio na hatia. Wengine mikono yao ilikuwa na damu, nao walilala hema kwa hema. Wafu wa kambini walizikwa upesi katika ardhi ya kigeni. Halafu, Desemba 1996, serikali na shirika la wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31, na karibu watu nusu milioni wakapelekwa darajani kwa majuma machache, wengine wakisukumwa na askari. Makaburi yalibaki Ngara. Mama aliyemzika mtoto wake Benaco mwaka 1995 hakuwa na mwaka wa kungoja kuganduka, wala jirani wa kumwachia kaburi alitunze.

Mwaka ule ule wa 1996 msiba wa namna hiyo uliwafikia watu wa mkoa wetu wenyewe. Meli ya Bukoba ilizama tarehe 21 Mei karibu na Mwanza. Wengine walizikwa pamoja huko Igoma. Wengine hawakutolewa majini kamwe.

Sasa, huzuni iliyofungiwa namna hii hufanya nini ndani ya mtu? Waganga wa Ulaya na Marekani walianza kulitazama jambo hili kwa bidii baada ya moto wa Boston wa 1942, uliowaua watu 492 katika nyumba ya starehe. Daktari Erich Lindemann aliandika mwaka 1944 juu ya wafiwa wa moto ule, akaonyesha kwamba wako wasiolia kwa wakati wake, na huzuni yao huwatokea baadaye katika umbo jingine. Shirika la Afya la Ulimwengu limekwisha kuliingiza jambo hili katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili yake kubwa ni kumtamani marehemu kusikopungua, pamoja na uchungu mkali, kwa miezi sita au zaidi, hata mtu ashindwe na kazi zake. Lakini liko sharti ambalo sisi tupendao kuchunguza desturi hatuna budi kulitia alama: huzuni hiyo lazima iwe imepita wazi kiasi kilichozoewa katika desturi na dini ya mfiwa. Basi tabibu asiyejua kuganduka ni nini atajuaje kwamba mjane wa Kihangaza amechelewa? Mwezi wa nane wa kilio, ambao mahali pengine ungetisha, huku waweza kuwa ni wakati wake tu.

Tusichanganye hali hii na ile iitwayo ihahamuka huko Rwanda, ambayo humshika mtu pumzi zikamwishia, akapiga kelele kana kwamba wauaji wamo mlangoni. Hali hiyo huonekana sana mwezi wa Aprili wakati wa kumbukumbu. Ihahamuka ni hofu. Hali tunayoisema hapa ni shauku. Mwenye hofu hukimbia mahali pale. Mwenye shauku hurudi pale pale kila siku, huweka sahani ya chakula, huizuia nguo ya marehemu isifuliwe.

Wachunguzi waliwauliza wajane na yatima 400 wa Rwanda, yapata miaka kumi na mitatu hivi baada ya mauaji, wakakuta kama asilimia 8 tu wenye maradhi hayo ya huzuni. Wengi walidhani idadi ingekuwa kubwa zaidi. Mimi nadhani sababu moja ni kwamba watu hawakukaa wakingoja mazishi. Wajane waliunda chama chao mwaka 1995 wakakiita Agahozo, jina litokalo katika kitenzi guhoza, kumtuliza aliaye. Walipokosa ukoo wa kuwaondolea matanga, walijifanya ukoo.

Desturi za kale nazo hazikuwa bubu. Wajaluo, mwili wa mtu wao usipopatikana, huzika tunda la mti wa yago, ambao Waswahili huuita mvungunya, na kilio huendeshwa juu ya tunda hilo kama desturi itakavyo. Wako watakaolicheka, mimi siwezi. Mwenye kulicheka hana budi kwanza kueleza yeye angezika nini.

Kwa mapadre na makatekista wa Rulenge jambo hili si la elimu tu. Mke ambaye mumewe alipotea darajani mwaka 1994 ni mjane au ni mke? Kanuni ya 1707 ya Sheria ya Kanisa yampa askofu kutangaza kifo cha mtu kwa kudhania, baada ya kuwauliza mashahidi, lakini yasema wazi kwamba kutokuwapo peke yake, hata kwa miaka mingi, hakutoshi. Ni kanuni ya haki. Hata hivyo, mwanamke aweza kuzeeka akiwa katika kwirabura, hali mashahidi wake wametawanyika nchi tatu. Mwalimu amwambiaye mtu huyo kwamba imani yake ni haba amekosea maradhi. Afadhali amwulize ni nani katika ukoo ampasaye kumwondoa msibani, na kama hayupo, ni nani katika jumuiya atakayesimama mahali pake siku ya Marehemu Wote, jina la mumewe lisomwe na watu walisikie.

Huko Burundi, Januari 2020, tume ya ukweli na maridhiano ilianza kufukua makaburi ya 1972 katika mkoa wa Karusi, karibu na Ruvubu, mto ule ule ushukao hata Ngara. Ilitoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, kwa miwani, na kwa rozari. Watoto waliokatazwa kulia mwaka ule walikuwa wamefika umri wa kuwa na wajukuu.