Masanduku 5,000 ya Liemba na kompyuta yako ya kwanza ya gemu

Mwaka 1913 mafundi wa kiwanda cha meli cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, walipewa kazi ya ajabu kidogo. Waunde meli yenye urefu wa mita 71, wahakikishe kila kipande kinakaa mahali pake, halafu waifungue yote. Vipande vikapangwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha vikapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma Februari 1914. Mafundi watatu wakiongozwa na Anton Rüter nao wakaja. Kigoma vipande vikaunganishwa upya kwa ribiti, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa ziwani kwa jina la Graf von Götzen. Wewe unaijua kama MV Liemba.

Nimeanza mbali makusudi. Wiki mbili zilizopita binamu yangu wa Ujiji alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nina laki sita na nusu. Nataka kompyuta ya gemu, ninunue nini?" Chini yake akaweka video ya kijana wa Marekani anayepanga vipande vipya mezani na kusema ukikosea unarudisha dukani. Laki sita na nusu za binamu ni za mawese, tena ni za msimu mzima. Vikiungua, hakuna laki sita na nusu nyingine mpaka mwakani. Jibu langu lilikuwa refu mno kwa WhatsApp, ndiyo maana unalisoma hapa.

Yule kijana wa kwenye video anaanza na swali la kasi: kipande gani kinakimbia zaidi kwa bei hii? Mtu wa Kigoma anatakiwa aanze na swali la akina Rüter: hiki kitaingiliana na kile, na nitajuaje kabla hakijasafiri?

Umbali si jambo geni kwetu. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaiona Ujiji Februari 1858, miezi saba na nusu hivi, huku mizigo ikiwa kwenye mabega ya wapagazi, kila mmoja na kilo kama 30. Na mzigo ukifika haikuwa lazima ukufikie. Oktoba 1871 David Livingstone aliingia Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta Shereef, mtu aliyekabidhiwa mzigo huo, ameshauuza wote. Isome tena sentensi hiyo kama wewe ni mtu uliyewahi kuagiza kitu kwa njia ya "nina mtu wangu yuko Dar".

Leo kipande kinatoka Kariakoo kwa basi, zaidi ya kilomita 1,200, na kesho yake au keshokutwa kipo stendi. Ila kikiwa kibovu au hakiingii, safari ya kukirudisha ni ileile, na nauli yake inatoka mfukoni mwako.

Sasa, kwa nini kompyuta inauzwa kwa vipande hata kidogo? Televisheni hainunuliwi hivyo. Jibu liko Agosti 1981, IBM walipotoa kompyuta yao ndogo. Walikuwa na haraka, kwa hiyo badala ya kuunda kila kitu wenyewe walichukua vipande vya sokoni: prosesa ya Intel, mfumo endeshi wa Microsoft. Kisha wakachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi zote. Mlango ukabaki wazi. Kufikia 1983 kampuni changa ya Compaq ilikuwa inauza mashine inayoendesha programu zilezile, na baada yake wakaja wengi. Kadi ya kampuni moja ikaanza kuingia kwenye ubao wa kampuni nyingine, na hadi leo biashara ya vipande inaishi kwa makubaliano hayo.

Sisi wakati huo tulikuwa tumefunga mlango. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, 1974, baada ya miradi ya kompyuta serikalini kuleta hasara na vurugu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Nawaelewa waliotoa amri ile, fedha za kigeni zilikuwa chache na mashine zilikuwa haziwajibiki kwa mtu. Lakini matokeo yake ni kwamba wenzetu walijifunza kufungua kasha na kubadilisha vipande katika miaka ya themanini, na wengi wetu tumejifunza baadaye, kwenye mitumba ya ofisi za watu.

Hebu tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo hela za watu wa Kigoma zinapofia.

Pawa saplai ndicho kipande kisichosifiwa na mtu, na ndicho chenye historia chafu kuliko vyote. Kompyuta za zamani, kabla ya 1995, zilikuwa na plagi mbili za umeme zinazofanana zikikaa bega kwa bega kwenye ubao mkuu. Ukizigeuza, unachoma ubao. Mafundi walikuwa na kanuni ya kukariri: waya nyeusi zikutane katikati. Mwaka 1995 Intel wakatoa mpangilio wa ATX wenye plagi moja isiyokubali kuingia kinyume, na kanuni ile ikastaafu. Halafu prosesa zikaongeza ulafi. Zamani mashine ilikula umeme mwingi kwenye njia za volti 5 na volti 3.3. Kuanzia mwaka 2000, enzi za Pentium 4, mzigo ukahamia kwenye volti 12, na leo prosesa na kadi ya grafiki zote zinanyonya hapo.

Hilo lina maana gani kwako? Pawa saplai za bei poa zinaandikwa namba kubwa ubavuni, tuseme wati 500, lakini ndani zimegawanya nguvu kama bado tuko 1998. Usisome namba kubwa. Tafuta jedwali dogo kwenye stika, uangalie mstari wa volti 12 una ampea ngapi, uzidishe. Ampea 16 mara volti 12 ni wati 192. Hizo ndizo wati zako za kweli. Zile 500 ni za kwenye kasha.

Nilijifunza hivyo kwa kulipa. Mwaka 2017, nikiwa chuoni, nilinunua pawa saplai mpya nyepesi kama boksi la viatu tupu, nikaja nayo nyumbani Mwanga likizo. Kigoma kwa miaka mingi haikuwa kwenye gridi ya Taifa, tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na umeme ukirudi baada ya kukatika ulirudi na fujo. Jioni moja ukakatika, ukarudi, ukasikika mlio kama wa njugu kwenye kikaango. Ilikufa yenyewe na ikaondoka na ubao mkuu. Mama alisema angalau chumba kimepata harufu mpya. Tangu siku hiyo kipande cha kwanza kwenye orodha yangu ni stebilaiza, na ukipata UPS hata ya mtumba yenye betri nzima, bora zaidi.

Ndiyo sababu sikumwambia binamu anunue vipande vipya kimoja kimoja. Nilimwambia anunue kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, mtumba, kisha aongeze kadi. Mashine hizi, Dell OptiPlex, HP za ofisi na nduguze, zilijengwa zikae zinawaka siku nzima kwa miaka, na pawa saplai zake haziandikwi uongo. Bei yake nayo ina historia. Microsoft walipotoa Windows 11 mwaka 2021 waliweka sharti kwamba prosesa za Intel, isipokuwa chache mno, ziwe za kizazi cha nane kwenda juu, na kizazi hicho kilianza 2017. Tarehe 14 Oktoba 2025 wakasitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Ofisi nyingi duniani zikajikuta na mashine nzima kabisa zisizotakiwa tena. Unachonunua wewe ni uamuzi wa mhasibu wa nchi nyingine.

Lakini mashine hizo zina mtego, na mtego wenyewe ni kuvunjwa kwa yale makubaliano ya 1981. Nyingi hazifuati ATX. Plagi ya umeme ni ya kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kwenda dukani ukanunua pawa saplai kubwa zaidi ukaichomeka. Umepewa wati 240 mpaka 290 hivi, panga maisha yako humo. Tena kuna maumbo mawili: kasha nene na kasha jembamba. Chukua nene. Jembamba linakubali kadi fupi za kimo cha nusu tu, ambazo ni adimu na bei yake inauma.

Piga hesabu ya OptiPlex 9020 ya kasha nene, toleo la 2013. Pawa saplai wati 290. Prosesa ya i5-4570, wati 84. Nafasi ya kadi kwenye ubao, ile tunayoiita PCI Express, inaruhusiwa kutoa wati 75 bila waya wa ziada. Jumla 159, ongeza diski na feni, bado uko chini ya 200. Kwa hiyo unatafuta kadi inayoishi ndani ya wati 75. Februari 2014 Nvidia walitoa GTX 750 Ti ya wati 60, na Aprili 2019 wakatoa GTX 1650 ya wati 75. Ya pili ina nguvu zaidi, ila angalia kwanza: watengenezaji wengine waliiongezea plagi ya umeme, na hiyo haikufai. RX 580 ya 2017 utaiona kwa bei ya kushawishi. Inakula wati 185. Iache.

Na ujue zinatoka wapi hizo za bei ya kushawishi. Kwa miaka kadhaa kadi za aina hiyo zilichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa uchimbaji wa namna hiyo, na kadi zikamwagwa sokoni. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu. Feni zake ndizo zimechoka, na pasta ya joto imekauka kama ugali wa jana. Fundi akisafisha na kubadilisha, mara nyingi inafufuka.

Kuna udanganyifu wa kihalali pia. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likaja toleo jingine, jina lilelile, lenye kumbukumbu ya DDR4 inayopitisha 16.8. Ni kama kuuziwa migebuka halafu nyumbani unakuta dagaa. Muulize muuzaji aina ya kumbukumbu. Akikujibu "zote sawa tu", ondoka. Wapo pia wanaobadilisha programu ya ndani ya kadi ya zamani ijitangaze kuwa mpya. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua. Iendeshe kabla ya kulipa, dakika moja inatosha.

Njia ya tatu ni prosesa zenye grafiki ndani, kama Ryzen 3 2200G ya 2018, tunda la AMD kuinunua ATI mwaka 2006. Inafaa sana kwa umeme wetu. Ila grafiki hiyo inaazima kumbukumbu ya kompyuta, hivyo weka RAM mbili za gigabaiti 4 badala ya moja ya 8, data ipite njia mbili kwa pamoja. Binamu sikumpeleka huko kwa sababu ubao na RAM zake mtumba bado zingemvusha bajeti.

Tumefikia OptiPlex ya kasha nene, i5 ya kizazi cha nne, RAM gigabaiti 8, SSD ndogo, na GTX 750 Ti. Skrini ni televisheni ya nyumbani, baada ya mabishano na shangazi kuhusu saa za tamthilia. Gemu anayoitaka ni GTA V, ambayo ilifika kwenye kompyuta Aprili 2015, na mashine hii itaicheza bila kulia.

Jana fundi wa Kariakoo alifanya nilichomwomba, yaani kile walichofanya Papenburg. Aliunganisha kila kitu, akaiwasha, akaiendesha kwenye gemu saa nzima huku nikiangalia joto la kadi kwa simu ya video. Nikamwambia apige picha namba za kila kipande. Kisha akaichomoa kadi na kuifunga peke yake, maana kadi ikisafiri imening'inia kwenye ubao, matuta ya barabarani yanaivunja nafasi yake. Pesa ya mwisho nikatuma hapo, si kabla.

Basi limeondoka alfajiri. Mpaka sasa binamu ameniuliza mara tatu limefika wapi. Nimemwambia Burton na Speke walitumia miezi saba na nusu. Amejibu: "Dada, hao hawakuwa na gemu."